Sarafu Zilizosalia: Hotuba kuhusu Kutafuta Sarafu za Kale Katika Maeneo Yaliyokwisha Kupekuliwa

Ndugu Mwenyekiti, viongozi wa chama, wanachama wenzangu, na wageni wetu mliofika kutusikiliza,

Nashukuru kwa kupewa nafasi hii, na nashukuru zaidi kwa mada mliyonipa, kwa sababu ni mada ambayo wengi wetu huizungumzia kwa kukata tamaa. Kila anayetembea na kigunduzi cha metali anajua eneo moja au mawili ambayo wenzake wameyahesabu kuwa yamekwisha: uwanja wa zamani wa mikutano, kivuko cha kale, njia ya miguu iliyokuwa ikielekea sokoni, mahali ambapo watu wamepita na mashine zao mwaka baada ya mwaka hata ikaonekana kwamba kilichobaki ni misumari na vizibo vya chupa. Hoja yangu leo ni kwamba maeneo hayo hayajakwisha. Kilichokwisha ni sarafu zilizokuwa rahisi kupatikana, yaani zile zilizolala bapa, karibu na uso wa ardhi, mbali na chuma, zenye kutoa mlio safi usiomtia mtu shaka. Nyingine ziko palepale, na zimesalia kwa sababu zinazoeleweka. Anayezielewa sababu hizo anaweza kuzifikia, na asiyezielewa atapita juu yake akiwa na mashine ya kisasa kuliko zote na asisikie kitu.

Naomba mniruhusu nianze na jinsi mashine zetu zinavyofanya kazi, kwa maana humo ndimo yalimo maelezo ya karibu kila sarafu iliyokosekana. Ndani ya koili, yaani kile kichwa cha mashine tunachokipitisha juu ya ardhi, mna mizingo miwili ya nyaya. Mzingo wa kwanza hupitishiwa umeme unaobadili mwelekeo maelfu ya mara kwa sekunde, nao huzalisha uga wa sumaku unaoshuka ardhini. Uga huo ukikutana na metali huamsha ndani yake mikondo midogo ya umeme inayozunguka, na mikondo hiyo nayo huzalisha uga wake dhaifu, ambao hupokewa juu na mzingo wa pili. Mashine hupima nguvu ya kile kilichorudi, na hupima pia kuchelewa kwake. Kuchelewa huko ndiko kunakoisaidia kukadiria kama kilichomo chini ni chuma, shaba au fedha. Tarakimu inayotokea kwenye kioo ni matokeo ya mambo mengi kwa pamoja: aina ya metali, ukubwa wake, unene wake, namna kilivyolala, na udongo unaokizunguka. Sarafu ya fedha iliyochakaa na kuwa nyembamba inaweza kutoa tarakimu ya chini kuliko kipande kinene cha shaba, na hakuna kosa lolote katika mashine.

Sasa nguvu ya ishara hiyo hupungua kwa kasi ambayo wengi hawaitambui. Kwa kitu kidogo kilicho mbali kiasi na koili, uga unaposhuka hupungua takribani kwa kipeo cha tatu cha umbali, na ishara inaporudi juu hupungua tena kwa kiasi hicho hicho, kwa hiyo jumla ya upungufu hukaribia kipeo cha sita. Maana yake ni kwamba sarafu ikiwa katika kina maradufu, ishara yake haibaki nusu wala robo, bali hubaki sehemu moja kati ya 64. Ndiyo sababu sentimita mbili au tatu zina uzito mkubwa katika kazi hii. Mtu anayeinua koili kila mkono wake unapofika mwisho wa mpito, au anayeibeba juu ya majani marefu badala ya kuyalaza, amejinyima kina ambacho hakuna fedha itakayoweza kumrudishia. Nawasihi sana mlitazame jambo hili katika mikono yenu wenyewe kabla ya kufikiria kubadilisha mashine: koili iguse majani, ibaki sambamba na ardhi tangu mwanzo hadi mwisho wa mpito, na iende taratibu.

Kuna kisa cha kihistoria ambacho kila mtafutaji angepaswa kukijua. Tarehe 2 Julai 1881, Rais James Garfield wa Marekani alipigwa risasi, na madaktari wakashindwa kujua risasi moja ilikuwa imekwama wapi mwilini mwake. Alexander Graham Bell, yule aliyetufanyia simu, alitengeneza kifaa cha kusikiliza metali kwa njia ya umeme, akakileta kitandani kwa Rais mara mbili, mwishoni mwa Julai na tarehe 1 Agosti. Kifaa kilikuwa kimefanya kazi vizuri katika majaribio, lakini hapo kitandani hakikutoa jibu la kuaminika. Baadaye Bell aligundua kwamba chini ya godoro la manyoya ya farasi palikuwa na jingine lililosukwa kwa nyaya za chuma. Zaidi ya hayo, daktari mkuu, Willard Bliss, alikuwa ameshaamini kwamba risasi iko upande wa kulia, na huko ndiko alikotaka kupekuliwe. Rais alifariki tarehe 19 Septemba, na uchunguzi wa maiti ukaonyesha kwamba risasi ilikuwa kushoto kwa uti wa mgongo. Mambo mawili yaliyomshinda Bell, yaani chuma kilichokuwa karibu na imani ya mtu mwingine kuhusu mahali pa kutafuta, ndiyo hayo hayo yanayozificha sarafu katika maeneo tunayosema yamekwisha.

Nianze na chuma, kwa sababu hicho ndicho mlinzi mkubwa wa sarafu za kale. Mahali popote watu walipoishi au kukutana kwa muda mrefu pana misumari, na misumari huoza taratibu, kutu yake ikienea katika udongo unaoizunguka hata ishara yake ikawa kubwa kuliko umbo lake. Chukulieni msumari uliolala sentimita 5 chini ya majani, na sarafu ya fedha iliyo chini yake kidogo, pembeni kwa upana wa vidole vitatu. Mtafutaji aliyepita hapo mwendo wa haraka, mashine yake ikiwa imewekwa inyamazie chuma, hakusikia kitu chochote. Msumari uliifanya mashine inyamaze, na kabla haijarejea kusikiliza, koili ilikuwa imekwisha kuipita sarafu. Hata angalirudi mara nyingi kwa mwendo ule ule na mipangilio ile ile, angalipata ukimya ule ule, kisha angaliwaambia wenzake kwa unyofu kabisa kwamba hapo hamna kitu.

Pitisheni hapo koili ndogo, ya sentimita 13 au 15, na mlio wa chuma msiuzime bali uacheni usikike kwa sauti ya chini. Mtasikia mkoromo wa msumari, na ndani ya mkoromo huo, upande mmoja tu, itajitokeza sauti nyembamba ya juu inayokatika kabla haijakamilika. Ukirudia kutoka upande ule ule huenda isirudi. Usiondoke. Zunguka mahali hapo hatua kwa hatua, ukipitisha koili kwa mipito mifupi, mpaka umesimama nyuzi 90 kutoka ulipoanzia. Mara nyingi hapo ndipo sauti hukaa sawa, kwa sababu sasa koili inapita kati ya msumari na sarafu badala ya kuvipitia vyote viwili kwa mstari mmoja. Chuma nacho hudanganya: vipande bapa, vizibo vya chupa na misumari iliyopinda huweza kutoa sauti ya juu kwenye ncha zake. Lakini sauti ya uongo huhama unapozunguka, hukimbilia pembeni mwa mahali unapopaona kuwa kitovu, wakati sauti ya sarafu hurejea pale pale hata ikiwa dhaifu. Masikio hujifunza tofauti hiyo kwa mazoezi, nami nawashauri kila mmoja avae vipokea sauti vya masikioni, maana sauti tunayoizungumzia hapa ni mnong'ono katika chumba chenye makelele, na upepo peke yake unatosha kuumeza.

Wengi huuliza kwa nini nisipendekeze koili kubwa, ambayo huingia chini zaidi. Katika ardhi safi isiyo na takataka ni kweli koili ya sentimita 33 au 38 hufika mbali. Katika eneo lenye misumari, hata hivyo, koili hiyo huona vitu vitatu au vinne kwa wakati mmoja na kuvichanganya kuwa kelele, na katika udongo wenye oksidi nyingi za chuma huona udongo mwingi zaidi pia. Kadhalika msivutwe na kitufe cha usikivu. Kukipandisha hadi mwisho huifanya mashine ipige kelele zisizo na maana, hasa karibu na nyaya za umeme, na katika kelele hizo ishara dhaifu ndiyo ya kwanza kupotea. Mimi hupunguza usikivu mpaka mashine itulie, kisha nasawazisha mashine na udongo upya, yaani nairekebisha isiulilie udongo wenyewe, kila ninapohama kutoka kivulini kwenda kwenye udongo mwekundu, au kutoka bondeni kwenda mlimani, na naamini nimepata zaidi kwa utulivu huo kuliko kwa nguvu.

Njia iliyo bora kuliko zote dhidi ya chuma ni ile ambayo watu huikwepa kwa sababu inachosha: kukiondoa. Chagueni kipande kidogo, tuseme mita 5 kwa mita 5, mahali mnapojua kwamba watu wa zamani walikaa, kizungusheni kamba, na chimbeni kila kitu kinacholia humo, misumari kwa vizibo, makopo kwa foili. Mkimaliza, piteni upya. Ishara zitakazotokea mara hii ya pili zilikuwapo tangu mwanzo, na hakuna aliyezisikia kwa kuwa hakuna aliyekuwa tayari kubeba mfuko wa kutu kwenda nao nyumbani. Mtu anayetembea kilomita nzima akichagua milio mizuri tu anarudia kazi ambayo wenzake wameshaimaliza. Yule aliyepiga magoti siku nzima katika mraba mmoja anafanya kazi ambayo haijafanywa na yeyote.

Nije kwenye kina. Mwaka ule ule wa 1881, Charles Darwin alichapisha matokeo ya uchunguzi wake wa miaka mingi kuhusu nyungunyungu, akionyesha kwamba wadudu hao huleta udongo laini juu kidogo kidogo, na vitu vilivyoachwa juu ya nyasi, kama chokaa na majivu ya makaa yaliyotandazwa mashambani, hushuka polepole pasipo mtu kuvigusa. Sarafu iliyoanguka kwenye nyasi hushuka kwa njia hiyo hiyo, mpaka ikutane na tabaka gumu la changarawe au la mfinyanzi. Kwa hiyo katika uwanja usiolimwa, sarafu kongwe huelekea kuwa chini ya zile mpya, na watafutaji wa awali walichukua tabaka la juu. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba sarafu ya kina kirefu katika udongo wenye madini mara nyingi haitoi tarakimu yake halisi. Ishara yake hafifu huchanganyika na ile ya udongo, na mashine huishusha kuelekea upande wa chuma. Aliyezima chuma chote amezima na sarafu hizo. Katika eneo lililopekuliwa sana, ishara ndogo, ya mviringo, inayorudi kutoka pande zote mbili, ichimbeni hata kama kioo kinasema ni msumari, mradi ni dhaifu kwa sababu ya umbali na si kwa sababu ya udogo. Tofauti yake mtaisikia mkiinua koili sentimita chache: ishara ya kitu kidogo kilicho juu hubadilika ghafla, na ya kitu kilicho chini hupungua pole pole.

Kuna pia zile sarafu ambazo watu wamezisikia wakazipuuza. Huko Marekani, kwa mfano, senti tano za nikeli kwa kawaida zimetengenezwa tangu 1866 kwa mchanganyiko wa asilimia 75 za shaba na asilimia 25 za nikeli, na mchanganyiko huo hupitisha umeme vibaya kuliko shaba au fedha. Kuanzia miaka ya 1960, baada ya mhandisi Ermal Fraze kubuni kifungulio cha kopo cha kuvuta kwa kidole, mabilioni ya vipande vya aluminiamu yalitupwa viwanjani, na mlio wa vingi kati ya hivyo hukaribiana sana na ule wa sarafu hiyo. Watafutaji walichoka, wakaamua kunyamazisha sehemu hiyo yote ya mizani, na humo wakaacha sarafu za nikeli pamoja na pete za dhahabu. Nchini Uingereza, kabla ya peni robo ya mviringo kutolewa mwaka 1279, watu walizoea kuikata peni ya fedha nusu na robo ili wapate chenji. Kipande kama hicho ni chembamba kama ukucha, na mashine ya masafa ya chini, yaani ile ambayo umeme wake hubadili mwelekeo mara chache zaidi kwa sekunde, huweza kukipita bila kulia. Masafa ya kilohezi 4 hadi 8 hufaa sarafu nzito za fedha na shaba, na yale ya kilohezi 15 na kuendelea hufaa vitu vidogo na vyembamba; mashine zinazotumia masafa mengi kwa pamoja zimepunguza haja ya kuchagua. Anayeijua historia ya fedha ya eneo lake, yaani sarafu gani zilitumika, za metali gani, na za ukubwa gani, anajua pia ni milio ipi asiithubutu kuipuuza.

Sarafu iliyosimama kwa ukingo nayo huponyoka kwa urahisi, kwa sababu sehemu yake inayokabili koili ni ndogo na mikondo inayoamshwa ndani yake ni michache. Hiyo hutoa mlio dhaifu, wakati mwingine milio miwili iliyokaribiana, na hubadilika sana unapoizunguka. Sina dawa yake zaidi ya kupita eneo lile lile kutoka upande mwingine.

Hilo linanileta kwenye hesabu ya ardhi yenyewe, ambayo ndiyo inayonipa matumaini makubwa kuliko yote. Tunaposema eneo limepekuliwa na watu wengi, tunadhani kila sentimita yake imesikilizwa. Sivyo. Koili ya mviringo yenye upana wa sentimita 28 haisikilizi ukanda wa sentimita 28 hadi chini kabisa. Kadiri unavyoshuka, eneo linalosikika hujikunja, na karibu na mwisho wa uwezo wake huwa ni upana wa sentimita chache tu katikati. Mtu anayepiga hatua ya kawaida baina ya mpito na mpito ameiacha sehemu kubwa ya udongo wa chini bila kuigusa, na kwa kuwa mkono huchora pinde, huacha pia pembe tatu tupu katika kila upande. Isitoshe, karibu wote hutembea kwa mwelekeo mmoja, ule wa njia au wa mteremko, kwa hiyo wanarudia mapengo yale yale. Pimeni mistari kwa kamba au vijiti, kila mpito uingie nusu ndani ya ule uliotangulia, na mkimaliza mpite upya kwa mistari inayokata ile ya kwanza. Kazi hiyo ni ya polepole, na siioni njia ya mkato.

Kuhusu imani za wengine juu ya mahali pa kutafuta, nitasema kwa ufupi. Watu hukaa katikati ya uwanja kwa sababu ni rahisi kutembea. Pembezoni, karibu na uzio wa waya, mashine hupiga kelele, nao huondoka. Lakini anayepitisha koili ndogo sambamba na uzio, badala ya kuuelekea, anaweza kufika karibu nao sana. Mizizi ya miti mikubwa huachwa kwa sababu kuchimba kunasumbua, ilhali kivuli ndicho kilichowakalisha watu chini na sarafu zikawatoka. Tazameni ramani za kale na picha za angani, muulize njia ilipita wapi kabla ya barabara, na maji yalitekwa wapi. Shamba linalolimwa ni habari nyingine kabisa, kwani kila jembe linapogeuza udongo, sarafu iliyokuwa nje ya uwezo wa mashine msimu uliopita inaweza kupanda, na iliyokuwa imesimama inaweza kulala. Ufuoni, dhoruba inayokokota mchanga huondoa sentimita nyingi kwa usiku mmoja na kuacha wazi tabaka gumu ambako vitu vizito hutua. Huko nendeni na mashine inayostahimili chumvi.

Ndugu zangu, yote niliyosema hayana maana yoyote bila ruhusa. Ardhi ina mwenyewe, na kilichomo ndani yake mara nyingi kina mwenyewe mwingine, ambaye ni taifa. Sheria zinatofautiana mno. Nchini Ayalandi, tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 1987, hairuhusiwi kutafuta vitu vya kale kwa kigunduzi bila idhini. Nchini Marekani, sheria ya mwaka 1979 inalinda mabaki ya kiakiolojia yenye miaka 100 au zaidi katika ardhi ya serikali kuu. Nchini Uingereza, sheria ya hazina ya mwaka 1996 inamtaka mtu aliyepata kitu anachoamini kuwa hazina atoe taarifa ndani ya siku 14. Kila mmoja wenu ana wajibu wa kuijua sheria ya mahali anapokanyaga kabla ya kuwasha mashine, na mahali palipohifadhiwa hapaguswi, hata kama pako wazi na hakuna anayeona. Mkichimba, kateni pande la majani pande tatu na kulikunja, wekeni udongo juu ya kitambaa, rudisheni vyote, na mkanyage. Wakati wa ukame mkali msichimbe kwenye nyasi kabisa, kwa sababu pande lililokatwa litakufa. Na kitu chochote chenye umbo la bomu au kombora kiacheni, ondokeni, na muwaite wahusika.

Nataka kukaa kidogo kwenye mfano mmoja, kwa sababu unaonyesha ni nini hasa kinachotafutwa. Mwaka 2010, karibu na mji wa Frome nchini Uingereza, mtafutaji aitwaye Dave Crisp alikuwa ameshapata sarafu za fedha za Kirumi zilizotawanyika katika shamba moja. Alirudi katika shamba lile lile, akasikia ishara isiyoeleweka vizuri, akachimba, akakuta udongo wa mfinyanzi, sarafu ndogo, kisha ukingo wa chungu. Alipotambua kwamba chungu hakijaguswa, aliacha kuchimba, akafukia shimo, akatoa taarifa. Wanaakiolojia walikifukua chungu hicho tabaka kwa tabaka, wakahesabu sarafu 52,503, zenye uzito wa kilo 160 hivi, za karne ya tatu. Kwa kuwa kila tabaka liliwekwa peke yake, ilibainika kwamba sarafu nyingi za mtawala Carausius, ambazo ni za mwisho kwa umri, hazikuwa juu bali chini, zikiwa zimefunikwa na zile zilizozitangulia. Akiba inayowekwa kidogo kidogo haiwezi kupangika hivyo. Chungu kilijazwa kwa mkupuo mmoja. Laiti Crisp angalizitoa sarafu zote kwa mikono yake jioni ile, angalipata idadi ile ile ya sarafu, lakini jambo hilo kuhusu watu waliozifukia lisingalijulikana kamwe.

Ndivyo ilivyo hata kwa sarafu moja. Mahali ilipolala, kina chake, upande uliokuwa juu, na vitu vilivyokuwa karibu nayo ni habari ambazo zipo mara moja tu, wakati shimo likiwa wazi. Andikeni papo hapo: tarehe, vipimo vya mahali kutoka kwenye simu au kifaa cha setilaiti, kina kwa sentimita, aina ya udongo, na kilichotoka shimo hilo hilo, hata kama ni msumari. Sarafu itieni katika mfuko mdogo wenye namba inayolingana na ya daftari. Msiisugue kwa kidole ili kuona tarehe, kwa sababu chembe za mchanga hukwaruza uso wake kwa namna isiyorekebishika, wala msiitie siki, ndimu au dawa ya meno. Ya dhahabu haitadhurika kwa kungoja. Ya shaba yenye unga wa kijani mpauko unaodondoka inaliwa na kloridi, aina ya chumvi, na inahitaji mtaalamu wa uhifadhi haraka. Ya fedha nyembamba huvunjika ikikunjuliwa.

Kabla sijamaliza nina ombi, nalo linawahusu hasa wakubwa zetu mlioanza kazi hii zamani, wakati hakuna aliyetushauri kuandika. Mna sarafu katika makopo na droo ambazo mnakumbuka bado zilitoka wapi, ingawa hakuna karatasi inayosema hivyo. Kaeni na mmoja wetu mwenye daftari, mchoreeni ramani kwa mkono, mwonyesheni ni upande gani wa uwanja, chini ya mti gani, katika kina gani kwa makadirio. Mkiwa tayari, katibu wa chama atapokea majina leo, na wiki ijayo tutaanza kuwatembelea majumbani, tukianza na wale waliopekua viwanja ambavyo sasa vimejengwa na havitachimbika tena.

Ahsanteni sana kwa kunisikiliza.